Kartolina ya Sanduku la Zuhura

Nakumbuka asubuhi moja ya msimu wa mvua, hapa hapa Palma, nilipokuwa nimeketi kwenye kizingiti cha nyumba ya bibi yangu. Magotini nilikuwa na vipande vya ile karatasi nene tunayoiita kartolina, na moyoni swali moja tu: kipi kati ya vipande hivi kitaweza kumbeba mtoto?

Usicheke, mwanangu. Swali lile halikuwa la mchezo. Nitakueleza kwa utaratibu, maana mtu akihadithiwa habari za karatasi bila kuambiwa karatasi hiyo ilikuwa ya kazi gani, huondoka na nusu ya maneno. Sijafika umri wa mkongojo. Lakini watoto wa ndugu zangu na wa majirani, kwa kuniuliza-uliza, wamenikalisha kwenye kiti cha wazee, na mtu akishakalishwa kitini ni adabu akae vizuri.

Katika mtaa wetu, mwanamume akioa, upande wake hupeleka sanduku kwa kina mwali. Ndani hutiwa nguo, udi, manukato na viatu, na sanduku lenyewe sharti liwe limetengenezwa na mkono wa nyumba inayooa. La dukani halikatazwi na dini. Ni ada tu, lakini ada ina macho mengi. Likifika, shangazi wa mwali hulipokea, hulifunika, kisha humkalisha juu ya mfuniko mtoto mdogo wa ukoo wao. Mtoto akitulia na sanduku likatulia, vigelegele hupigwa: nyumba inayooa ina mahali pa kumweka mtoto. Tangu hapo kale masanduku yalikuwa ya mbao ngumu, wala sikuwahi kusikia kwamba mtoto alianguka. Kwa hiyo hakuna aliyeiogopa ada hiyo. Wa kwanza kuiogopa nilikuwa mimi.

Saidi, mdogo wangu, alikuwa anamwoa Zuhura. Baba yetu, ambaye ndiye aliyekuwa fundi wa mbao, alikuwa ameshatangulia mbele ya haki. Zana zake tuliziacha tulipoikimbia vita, na tuliporudi hatukuzikuta. Saidi mwenyewe anafanya kazi jikoni kwenye kambi ya mradi wa gesi kule Afungi. Ukimpa sufuria, huwapikia watu wa kambi nzima, lakini ukimpa nyundo, kinachopigiliwa ni kidole. Mimi nilikuwa nimerudi kutoka Nampula, nilikokuwa nasomea mestrado, shahada ya pili, na watu walikuwa wakiniita Dotora, yaani msomi mkubwa, baadhi yao kwa heshima, wengine kwa kunichokoza. Mkono wangu ulikuwa unajua ufundi mmoja tu, wa karatasi. Miaka ile ya ukimbizi nilikuwa nikitengeneza kadi za mwaliko na visanduku vya peremende za harusi, na watu walivipenda. Bibi akaamua bila kuzunguka: mkono wa nyumba ni mkono wa nyumba, ukiwa ni wa karatasi, basi sanduku litakuwa la karatasi.

Upande wa mwali ulikubali, lakini kwa ile sauti ya kukubali ambayo ndani yake mna huruma. Nasi huruma hatukuitaka. Mtu aliyerudi kwake baada ya kukimbia hutazamwa sana, mwanangu. Watu hujiuliza: nyumba hii imesimama tena, au imeegemezwa tu? Kwamba Zuhura alimpenda Saidi halikuwa na shaka. Kilichokuwa mizanini ni namna atakavyoingia kwetu: kama mke anayekwenda penye nyumba, au kama sadaka inayopelekewa waliopatwa. Jambo kubwa namna hiyo lilikuwa limewekwa juu ya mfuniko mmoja wa karatasi, na likizo ya Saidi ilikuwa fupi. Harusi isingeweza kusogezwa.

Sasa nikwambie habari za kartolina zenyewe. Ya kwanza niliinunua Mocímboa. Ilikuwa inang'aa kama sahani, ina maua ya dhahabu upande mmoja, na kila aliyepita alisema, "Hiyo hiyo." Nikaikunja pembeni. Ngozi yake ya juu ikapasuka palipokunjwa na weupe wa ndani ukatokeza kama mfupa. Nikaipaka gundi ya maji, gundi ikateleza. Mng'aro ule ni koti, mwanangu, na gundi huishia kwenye koti bila kufika mwilini. Ya pili yalikuwa maboksi aliyoyaleta Saidi kutoka jikoni kwao. Yalikuwa manene, yanatisha kwa macho, lakini unene ule ulikuwa wa hewa: katikati mna mawimbi ya karatasi nyembamba, na msimu wa mvua mawimbi hayo hunywa unyevu yakalala. Niliyaegemeza ukutani asubuhi; alasiri nikayakuta yameinama kama watu waliokosa usingizi.

Ya tatu ilikuwa ya kijivujivu, haina urembo wowote, nzito mkononi kuliko macho yalivyotazamia. Ukiigonga kwa ukucha, inajibu kwa sauti kavu. Ukiipinda upande mmoja inakubali; ukiigeuza uipinde upande wa pili, inakukatalia. Hiyo ndiyo ishara, maana karatasi ina mkondo kama ulivyo ubao: nyuzi zake zimelala upande mmoja, na mkunjo unaofuata mkondo hutoka safi, ilhali mkunjo unaokata mkondo huacha meno. Nikailaza karibu na mtungi wa maji, mahali penye ubaridi, tangu asubuhi hadi alasiri. Ikapinda kidogo. Nikaianika, ikarudi kunyooka. Basi. Nampula, ambako hewa ni kavu, unaweza kuichagua karatasi kwa macho. Huku kwetu sharti uichague kwa hewa.

Kwa hiyo jibu nilikuwa nalo tangu siku ya kwanza. Nililijua kama ninavyolijua jina langu. Na bado kesho yake niliilaza tena penye mtungi. Kesho yake tena nikakata kipande kingine, nikakiwekea jiwe; nikakata kingine, nikakiwekea jiwe kubwa zaidi; nikageuza mkondo, nikaurudisha. Usidhani nilikuwa mvivu. Tangu tulipokimbia, nilikuwa siamini kitu kilichosimama. Mlango wetu wa zamani, alioutengeneza baba kwa mikono yake, niliuamini kama ninavyoamini kwamba jua litachomoza, na siku ilipofika haukutufaa kitu. Tangu siku ile akili yangu ikawa na tabia ya kuuliza swali lililokwisha kujibiwa.

Asubuhi ile ninayoikumbuka, Saidi alipita na ndoo mkononi, akanikuta na vipande vyangu.

"Dada, tunaoa mke au tunaoa karatasi?"

"Tunaoa mke atakayelalamika karatasi ikivunjika."

"Zuhura halalamiki."

"Na Bi Sauda je, shangazi yake?"

Saidi akahamishia ndoo mkono wa pili. "Huyo hulalamika hata chai ikiwa nzuri," akasema, akaenda zake.

Bibi yangu alikuwa anamenya muhogo karibu yangu, kisu kinakwenda bila yeye kukitazama. Kwa kawaida naye aliniita Dotora, kama majirani. Akiniita kwa jina langu, nilijua ninakaribia kurudiwa.

"Rukia."

"Labeka, Bibi."

"Hiki cha kijivu ulikilaza penye mtungi juzi. Kilikosa nini?"

"Hakikukosa kitu."

"Jana ukakilaza tena."

"Nilitaka kuhakikisha."

"Ukahakikisha?"

"Ndiyo, Bibi."

"Na leo?"

Nikajikinga kwa methali, kama tunavyofanya sisi watu wa vitabu tukibanwa. "Bibi, haraka haraka haina baraka."

"Na ngoja ngoja huumiza matumbo," akasema. "Usinigeuzie maneno niliyokufundisha mwenyewe."

Akaweka kisu chini. Bibi hakuwa mtu wa kuweka kisu chini kabla muhogo haujaisha.

"Sikiliza, mjukuu wangu. Mchagua jembe si mkulima. Kupima umejifunza, na karatasi umeipima, na mkono wako ni mzuri. Hayo nayajua mimi na mtaa unayajua. Ulipopima kwa akili, ulimaliza siku ile ile. Sasa unapima kwa hofu, na hofu haishibi. Ukiipa karatasi, itataka mbao. Ukiipa mbao, itataka chuma. Ukiipa chuma, itakuuliza habari za kutu."

Nikainama. Akaendelea, kwa sauti ya chini zaidi.

"Na ule mlango wa babako ulikuwa mlango mzuri. Haukuanguka kwa ubovu wa mbao wala wa fundi. Ulivunjwa na watu. Usimsingizie fundi, wala usijisingizie wewe."

Mwanangu, sikuwahi kumwambia Bibi neno lolote juu ya ule mlango. Hata leo sijui aliusomaje usoni pangu. Nilichokiona ni kwamba aliinuka, akayakusanya maboksi yote, akayapeleka jikoni kuwashia moto. Ile ya dhahabu akaikunja, akampelekea mwalimu wa chuo cha Kurani, watoto wapate mapambo. Aliporudi, palikuwa pamebaki kartolina ya kijivu peke yake, tena ya kutosha sanduku moja bila cha kujaribia.

"Haya," akasema, akakichukua kisu chake. "Kata."

Nikakata.

Nikapika uji mzito wa unga wa muhogo uliotoka Diaca, nikauchanganya na maji ya majani ya mwarobaini ili wadudu wasiupende, nikaunganisha kartolina mbili mbili kuwa ubao mmoja, mkondo wa moja ukikata mkondo wa nyingine, ili upande ambao hii inakubali kupinda, ile ikatae. Nikazibana kati ya mbao mbili, juu nikaweka kinu cha Bibi, na kwa siku hizo tulitwangia kwa jirani. Palipotakiwa mkunjo nilitangulia kupachora kwa mgongo wa kisu, maana kartolina nene isiyochorewa njia hujichagulia njia yake. Chini ya mfuniko nikapachika mbavu za kartolina ile ile, zimesimama wima, kwa sababu karatasi iliyolala hubeba kidogo lakini iliyosimama hubeba mengi. Mwisho nikalivika sanduku kapulana ya Bibi, kanga yake ya maua mekundu, ikavutwa ikabana. Wasiwasi ulikuja mara kadhaa na maswali yake. Nilikuwa nikiuambia, "Hilo limeshajibiwa," kisha naendelea kupaka gundi. Mikono ikifanya kazi, wasiwasi hukosa pa kushika.

Ijumaa ikafika. Wanawake wa upande wetu walilibeba sanduku kichwani kwa zamu, wakiimba, na manyunyu yakaja yakapita, tukalifunika kwa mwavuli kama vile ndiye bibi harusi. Nyumbani kwa kina mwali uani palijaa. Bi Sauda, shangazi wa Zuhura, mwanamke mnene mwenye sauti ya kuwaamuru hata kuku, alilipokea, akalizungusha, akaligonga kwa kifundo cha kidole. Likajibu kwa sauti kavu. Akalifungua, akatazama vilivyomo, akalifunika. Kiunoni alikuwa amembeba mjukuu wake wa kike, mtoto aliyenona, mkononi ana kitumbua.

Akanitazama. Akasema kwa upole, lakini kwa sauti ya kusikika na wote:

"Dotora, tumepokea. Sanduku zuri, na mkono wenu tumeuona. Ila ni karatasi, na sisi si watu wa kuwaaibisha wenzetu, na mambo yenyewe mliyopitia tunayajua. Tuseme mtoto kalala?"

Wanawake wakatazamana. Mtoto alikuwa macho, anatafuna.

Hapo ndipo palipokuwa mahali penyewe, mwanangu. Mlango wa kutokea ulikuwa umefunguliwa, tena kwa wema. Neno moja la kukubali, na karatasi isingejaribiwa, na Saidi angepata mke, na nyumba yetu ingebaki kukumbukwa kuwa ile iliyosamehewa. Akili yangu ilikimbilia kwenye kona ya nyuma, ile ambayo gundi yake ilikauka mwisho. Ulimi ulikuwa karibu kusema ngoja. Nikamtafuta Bibi kwa macho. Alikuwa anautengeneza ushungi wake na kutazama paa la jirani, kana kwamba kule ndiko kwenye harusi. Nikaelewa kwamba hatanisaidia, na kwamba kutonisaidia ndiko kuniamini.

"Mtoto yuko macho, shangazi," nikasema. "Mkalishe."

"Huyu ana uzito."

"Naona."

"Anakula sana."

"Mkalishe hivyo hivyo, na kitumbua chake."

Kicheko kikapita uani. Bi Sauda akainama, akamweka mtoto juu ya mfuniko, mikono yake ikabaki makwapani mwa mtoto kwa muda, kisha taratibu akaiondoa. Mfuniko ukashuka kiasi cha unene wa ukucha. Ukasimama. Mtoto akatazama huku, akatazama kule, akapiga visigino ubavuni mwa sanduku kama mpiga ngoma, akarudi kwenye kitumbua chake. Vigelegele vikapanda, na mama mmoja wa upande wao akaanza kucheza.

Walipotaka kumwondoa, hakutaka kuondoka. Akang'ang'ania. Wakamwacha, wakacheka, wakamwimbia. Na katikati ya wimbo, juu ya sanduku langu, juu ya kapulana ya maua mekundu, mtoto akakojoa.

Nilikuwa nimepima unyevu wa mtungi, wa hewa na wa mvua. Nilikuwa nimepima jiwe dogo na jiwe kubwa. Bi Sauda akamnyanyua mtoto, akanigeukia, na sasa usoni pake hapakuwa na huruma hata chembe. Palikuwa na utani mtupu, ule ambao mtu humfanyia wa kwao.

"Na hili, Dotora, ulilipima?"

"Hili sikulipima, shangazi."

Uwanja mzima ukaangua kicheko. Mkojo wa mtoto mdogo kwetu ni baraka, kila mtu analijua hilo, na wapo waliosema haijapata kutokea ada ikajibiwa wazi namna ile. Bi Sauda akaufuta mfuniko kwa kapulana yake mwenyewe, haraka, kabla maji hayajaingia ndani, akalipiga sanduku kofi la kirafiki, akasema, "Basi kwenu pana pa kukaa mtoto," akaongeza neno la utani wa harusini ambalo adabu hainiruhusu kulirudia. Kisha akageuka kuelekea ndani, akapaza sauti: "Mtoeni mwali. Watu wake wamefika."

Alisema watu wake. Saidi alikuwa nje na wanaume, na niliambiwa kwamba alilisikia neno hilo, akakaa chini.

Mfuniko ulibaki na kiwimbi kidogo palipolowa. Sikukirekebisha.

Sasa, mwanangu, uliyeniuliza karatasi ipi inafaa kwa kazi ya mkono, nakuusia. Kabla hujaitazama karatasi, itazame kazi: kadi ya mwaliko hushikwa mara moja, kisanduku hufunguliwa kila siku, na mfuniko huenda ukakaliwa. Usiuamini mng'aro mpaka umeukunja, wala usiuamini unene mpaka umeubonyeza. Ipinde kartolina pande zote mbili ujue mkondo wake, kisha mkunjo wako ufuate mkondo huo, na ukihitaji nguvu, unganisha mbili zinazopingana. Ipe siku moja ya hewa ya mahali itakapoishi, maana karatasi nayo ni mgeni na hewa ya kwetu si rahisi. Muulize anayejua, ukimpata, usione haya.

Lakini ikishafaulu, mwanangu, acha kupima. Hilo ndilo ninalolitilia mkazo kuliko yote, kwa kuwa ninyi wa siku hizi mmesoma sana na mmeogopa sana, na viwili hivyo vikikaa pamoja huzaa mikono isiyokata. Mchagua nazi hupata koroma. Hakuna kipimo kitakachokuhakikishia kila kitakachomwagika juu ya kazi yako. Kazi iliyofanywa vizuri haihitaji kuahidiwa hivyo, inahitaji mtu aliyeitengeneza asimame mbele za watu aseme, "Mkalishe." Na ukiletewa huruma mahali ulipostahili kujaribiwa, ipokee kwa shukrani, kisha uombe ujaribiwe.

Mwenyezi Mungu akupe macho ya kuuona mkondo wa kila kitu unachokishika, akupe mkono mwepesi na gundi isiyoachia. Akuweke karibu na watu watakaokurudi kwa upendo na kukuacha ujibu mwenyewe. Kazi zako zikae katika nyumba zenye amani, watoto wazikalie wapendavyo, na kila utakachokisimamisha kisimame. Amina.